Kumnyoa Karani

Kabla ya kuitwa Mama Kabati, alikuwa mpiga chapa katika idara ya takwimu, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye mashine kumi na mbili za kupigia chapa na dirisha moja lililogoma kufunguka. Alipiga maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba akipewa orodha ya marehemu ataipiga yote, pamoja na jina lake mwenyewe, na kuipeleka kwa mkuu bila kugundua kitu.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilipewa chumba cha peke yake chenye zulia na kiyoyozi, na watu waliamriwa kuvua viatu mlangoni. Mkuu wa idara alitaka mtu mwenye vidole vyepesi wa kuilisha takwimu, naye akachaguliwa. Humo chumbani alimkuta mwanamume mrefu aliyevaa soksi zenye tundu, aliyekuwa akizungumza na mashine kana kwamba ni darasa la watoto wazito wa kuelewa. Alikuwa amefundisha hisabati miaka sita kabla ya kuajiriwa idarani, na wote walimwita Mwalimu. Walioana mwaka uliofuata. Watu walipomuuliza kwa nini alimchagua yule, Mwalimu alijibu, "Ndiye pekee aliyesoma maelezo yangu mpaka mwisho."

Kompyuta ile ilijua kujumlisha, lakini haikujua kuandika barua. Mwalimu aliamua kuitungia programu ya kuandikia, kusahihisha na kuhifadhi maandishi, itakayozungumza na mtumiaji kwa lugha anayoielewa. Kazi ilichukua mwaka na nusu. Yeye alitunga, mkewe alijaribu. Kila mchana baada ya chakula mke aliketi kwenye kibodi na kupiga barua za kubuni, mume akisimama nyuma yake na daftari. Waliiita Karani.

"Huyu ndiye karani niliyemtafuta siku zote," alisema mkuu wa idara. "Haombi likizo, wala hafiwi na shangazi yuleyule mara tatu kwa mwaka."

Baadaye Karani alienea katika maofisi, mahakama na shule. Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi, kila aliyejifunza kuandika kwa kompyuta alijifunzia kwake. Ukimkuta leo katibu muhtasi mstaafu ukamtajia jina hilo, huenda akanyoosha vidole vyake hewani na kutabasamu. Lakini mwanzoni, Karani mzima alikuwa kwenye diski mbili za plastiki, pana kama visahani, juu ya meza moja.

Diski zilikuwa mbili kwa sababu ya tabia ya Mwalimu. Maagizo yanayoiunda programu huitwa msimbo, na Mwalimu aliandika msimbo kama alivyoandika ubaoni: kila hatua na maelezo yake. Chini ya kila agizo aliweka mstari mmoja au mitano yenye alama ya nyota mwanzoni, akieleza anafanya nini, kwa nini, na wapi alikosea mara ya kwanza. Mashine haina haja na maelezo hayo, lakini ililazimika kuyabeba, na nafasi yake ya kumbukumbu ilikuwa ndogo kuliko inayotumika leo kuhifadhi picha moja ya simu. Karani akiwa na maelezo yake yote, hapakubaki nafasi ya kuandika hata barua ya kuomba ruhusa.

Kwa hiyo walimnyoa. Nakala kamili ilikaa kwenye diski yenye kibandiko chekundu. Mwalimu alipomaliza kuongeza jambo, mkewe aliifungua nakala hiyo kwenye mashine, akamwamuru Karani mwenyewe atafute kila mstari unaoanza na nyota na kuufuta, kisha akatoa diski nyekundu, akaingiza yenye kibandiko cha buluu na kuhifadhi humo nakala iliyobaki. Nyekundu ilikuwa ya kusomwa na watu, buluu ya kufanyia kazi. Mistari elfu mbili na mia tatu ilikuwa ikishuka hadi elfu moja na mia moja na sita.

"Mnyoe vizuri," Mwalimu alikuwa akisema, "lakini nywele zake zitunze. Kumtunga, hata mtu mwingine anaweza. Kwa nini nilimtunga hivi, hilo liko kwenye nyekundu tu."

Mkewe alizitunza. Hakuwahi kupoteza diski, hakuwahi kuiweka karibu na sumaku ya simu wala kuigusa sehemu yenye utando wa kuandikia. Mwalimu alimwita Mama Kabati, na jina likamganda hata nyumbani kwa wakwe.

Ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Mwalimu alikuwa amemaliza maelezo ya mwisho, ameyahifadhi kwenye nyekundu, na ameondoka kwenda mji mwingine kumtazama mama yake hospitalini mpaka Jumatatu. Dereva alikuwa getini, gari likinguruma, akisubiri diski ya buluu aipeleke kwenye ofisi ya kwanza ya nje iliyokubali kumjaribu Karani. Mama Kabati aliifungua nakala kamili, akamwamuru Karani ajinyoe, akaitoa diski nyekundu. Wakati huohuo mkuu wa idara aliingia, bila viatu, akiwa na furaha.

"Hizi rangi ni za nini?" aliuliza. "Mnacheza karata?"

Mama Kabati alipenda kuulizwa. Alimwonyesha diski nyekundu. Alimweleza kwamba hii ndiyo yenye maneno ya Mwalimu, kwamba haiguswi na mtu mwingine yeyote, kwamba kwa kawaida pembe yake hufunikwa kwa karatasi ya kunata ili mashine isiweze kuandika juu yake, na kwamba leo karatasi imebanduliwa kwa kuwa Mwalimu ametoka kuongeza maelezo.

"Una utaratibu, mama," alisema mkuu.

"Bila utaratibu tungeshazama," alijibu, na huku akimtazama mkuu usoni kwa adabu, aliirudisha diski mahali alipoitoa. Kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Skrini iliandika: NIMEHIFADHI MISTARI 1106.

Alipoitoa ili aitie kwenye bahasha ya dereva, aliona kibandiko chekundu.

Mkuu alikuwa bado anazungumza. Mama Kabati aliingiza diski ya buluu, akahifadhi tena, akaitia kwenye bahasha, yeye mwenyewe akampelekea dereva akiwa na soksi tu, mpaka getini. Aliporudi aliifungua nyekundu na kupitia ukurasa mmoja mmoja. Hapakuwa na nyota hata moja. Nakala ya karatasi haikuwepo. Karatasi za printa zilikuwa za kuombea kibali, na walikuwa wameahirisha kuchapisha mpaka maelezo yakamilike.

Aliamua kumwambia mumewe Jumatatu. Jumatatu Mwalimu alikuja na barua mkononi: amepandishwa cheo, anakwenda kuongoza kitengo makao makuu, Karani atakabidhiwa kwa vijana wengine. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Nyekundu iko salama?" aliuliza.

"Nimeifungia," alisema mkewe.

"Ndiyo maana wewe ni Kabati."

Hakuiulizia tena kwa miaka thelathini na miwili. Mama Kabati aliitia kwenye bati la biskuti, na bati likahama nao nyumba nne. Walipata binti mmoja, ambaye akawa muuguzi. Mwalimu alistaafu, naye pia. Kuna siku Mama Kabati aliwahi kufungua kinywa aungame: walipokuwa kwenye foleni ya benki, walipokuwa wakipaka rangi chumba cha binti, na mara moja wakiwa wawili tu garini mvua ikinyesha. Kila mara Mwalimu alisema jambo la kuchekesha kwanza.

Kisha Mwalimu alianza kusahau. Kwanza aliacha sufuria motoni, halafu akapotea akirudi kutoka kwa kinyozi, halafu akamwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Daktari alisema hali hiyo itaendelea, wala hakuficha. Mambo mengi yalimtoka Mwalimu bila kumsumbua. Jambo moja lilimsumbua.

Katikati ya msimbo wa Karani, mahali anapopima kama mstari wa barua umejaa, palikuwa na agizo la kutoa moja. Karani alihesabu herufi, akatoa moja, ndipo akapima. Vijana waliomrithi hawakuona sababu yake. Waliliondoa, wakajaribu, kila kitu kikaenda sawa. Lakini wakipeleka Karani maofisini, makatibu walilalamika kwamba barua zinaacha mistari mitupu katikati. Wakalirudisha, na mahali hapo wakapaita Shimo. Hakuna aliyepagusa tena.

"Kwa nini nilitoa moja?" Mwalimu aliuliza asubuhi moja, akiwa ameshika kikombe kitupu.

"Si vijana walishindwa hata wao," alisema mkewe.

"Wao hawakuandika. Mimi niliandika. Niliandika kirefu, nakumbuka mkono ulivyouma. Nipe nyekundu, mke wangu. Nataka nisome mwenyewe kabla sijawa mtu wa kusomewa."

Aliuliza tena mchana, na kesho yake, na keshokutwa. Alichora kwenye pambizo za gazeti: herufi, herufi, herufi, toa moja. Binti alipokuja kumpima shinikizo la damu alimwambia mama yake, "Mama, mpe hiyo diski yake, anakonda. Bati si lile pale juu?"

"Hakuna mashine ya kuisomea."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Kabati alilishukuru. Lakini binti alikuwa mtu wa kutafuta. Wiki mbili baadaye alifika mkutubi wa chuo, mwanamke mwenye miwani mikubwa na mkoba uliojaa nyaya. Chuo kilikuwa kikikusanya programu za zamani, na kilikuwa na kifaa cha kusoma diski kama zile. Alimsalimu Mwalimu kwa heshima ya mtu aliyejifunza kuandika kwa Karani shuleni. Mwalimu alimuuliza kama amevua viatu.

Mkutubi alipokuwa akiondoka na diski, Mama Kabati alimsindikiza mpaka nje ya lango. Hapo, mkono mmoja ukiwa kwenye komeo, alisema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Humo hamna anachokitafuta. Nilimnyoa Karani juu ya nyekundu. Mimi mwenyewe."

Mkutubi hakushtuka. "Nakala mpya ilikuwa fupi kuliko ya zamani, siyo?"

"Karibu nusu."

"Basi mama, imefunika nusu ya kwanza tu. Mashine haikuwa na sababu ya kufuta iliyobaki. Pale mpya ilipoishia, ya zamani huenda bado ipo."

Mama Kabati alirudi ndani, akaketi jikoni, akasahau kuwasha jiko. Siku kumi na moja zilizofuata alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa amefumbua macho. Shimo lilikuwa katikati. Alihesabu kwa vidole, alihesabu kwa kalamu, akajaribu kukumbuka maelezo yalikuwa marefu kiasi gani kabla na baada yake. Mara nyingine hesabu ilimpa Shimo, mara nyingine ilimnyima.

Mkutubi alirudi na karatasi arobaini na tatu. Alikuwa ameipata sehemu yote ya mwisho. Ukurasa wa kwanza ulianza katikati ya sentensi, na sentensi ilikuwa ya Shimo:

*na hakuna mtu angeligundua kwa kusoma msimbo,
*kama alivyonionyesha mke wangu Jumanne.
*Hiyo ndiyo sababu natoa moja. Mtu asiiguse.

Mwalimu alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Alisoma mara ya pili. Uso wake ulikunjuka, ukawa uso wa yule mtu wa soksi zenye tundu.

"Si nilisema niliandika!" Akageuka. "Mwanzo wake uko wapi?"

Mkutubi alitazama sakafu.

"Diski imezeeka," alisema Mama Kabati. "Mwanzo umeliwa na uzee."

"Haya, si neno. Wewe si upo?" Mwalimu alimpigapiga gotini. "Ni wewe ulinionyesha. Ulinionyesha nini Jumanne?"

Mama Kabati alifungua kinywa. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba amefuta siri ya mumewe. Hakujua kwamba ilikuwa yake pia. Alitafuta Jumanne hiyo. Alikumbuka chumba, zulia, baridi ya kiyoyozi miguuni, Mwalimu nyuma yake na daftari. Hakukumbuka neno lolote.

"Nimesahau, Mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Basi tumekuwa wawili!"

Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena kwa nini alitoa moja. Aliuliza mkewe alimwonyesha nini. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutafuta ufunguo. "Bado?" alikuwa akisema wakipishana kwenye ukumbi. "Bado," alijibu mkewe. Mama Kabati alisoma karatasi zote arobaini na tatu. Humo alikutana na mumewe akiwa na miaka thelathini na moja, akijichekesha, akijikosoa, akilalamika kwamba kibodi ina makombo ya mkate na kwamba anamjua mhusika. Alilia zaidi juu ya ukurasa wa makombo kuliko kurasa nyingine zote. Jibu halikuwemo.

Mwezi mmoja ukapita, ukapita mwingine. Swali la Mwalimu likaja mara moja kwa siku, kisha mara moja kwa wiki. Kuna asubuhi alisema "Bado?" na mkewe alipojibu, akamuuliza wanatafuta nini.

Ilitokea Jumapili saa nne asubuhi. Binti alikuja na kompyuta yake ya mkononi, na Mama Kabati akaomba kuandika barua ya kumshukuru mkutubi. Hakuwa ameandika barua ndefu kwa miaka mingi, lakini vidole viliamka vyenyewe. Binti alisimama nyuma yake akila chungwa.

"Mama, hicho kidole gumba chako kina pepo?"

"Kimefanya nini?"

"Kila ukimaliza mstari unapiga nafasi tupu, ndipo unashuka chini. Nafasi ya nini, na hakuna neno linalofuata?"

Mama Kabati aliinua mikono kutoka kwenye kibodi kana kwamba imemchoma.

Ndivyo walivyofundishwa. Kwenye mashine za kupigia chapa, msimamizi aliwapigisha nafasi baada ya kila neno, hata la mwisho, ili mkono usikatike mwendo; ndipo unasukuma gari la mashine, lile linalobeba karatasi, kuanza mstari mpya. Mpiga chapa hakuijua nafasi hiyo zaidi ya anavyojua kwamba anapepesa macho. Kwenye karatasi haikuonekana. Lakini Karani aliihesabu. Mstari uliojaa barabara, ukiongezewa nafasi ile, ulizidi kwa moja. Nafasi ikaangukia mstari wa chini, na mpiga chapa aliposhuka, akaacha mstari mtupu. Vijana hawakuwahi kutumia mashine za kupigia chapa, kwa hiyo wakijaribu wao hawakuona kosa. Lilikuwa kwenye mikono ya wanawake wa ghorofa ya pili. Jumanne ile alimwonyesha Mwalimu kidole chake gumba.

Aliacha barua ilivyo na kwenda chumba cha mbele. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, amevaa sweta, vifungo vimepishana. Mama Kabati aliketi mbele yake, akamweleza. Alimweleza kama alivyokuwa akielezwa na yeye, hatua kwa hatua, akipiga mezani kwa vidole na kumwonyesha kidole gumba kinavyoanguka. Binti alisimama mlangoni na chungwa lake mkononi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Umeeleza vizuri sana, dada," alisema. "Unafundisha shule gani?"

"Sifundishi. Nilikuwa mpiga chapa."

"Hasara kwa wanafunzi." Alimtazama kwa adabu anayopewa mgeni. "Na haya yote umeyasoma wapi?"

"Mume wangu aliyaandika." Alishika ukingo wa meza. "Aliyaandika yote, kwa miezi mingi, na mimi nikayafuta siku moja kwa bahati mbaya. Sikumwambia. Ni miaka thelathini na miwili sasa, sijamwambia."

Mwalimu alikuna goti.

"Mwambie," alisema. "Kama ni mtu wa kompyuta, hawezi kukukasirikia. Ataketi chini ayaandike upya."

Mama Kabati alisema atamwambia. Kisha alisogeza kiti karibu, akamfungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, na kuvifunga upya mahali pake.